Mkasi, Mtama na Kiduha

Mwaka 1956, karibu na mji mdogo wa Whiteville katika jimbo la North Carolina, Marekani, mahindi yalidumaa na kugeuka manjano ilhali mvua ilikuwa imenyesha na mbolea ilikuwa imetiwa. Katikati ya mistari kulikuwa na kimea kifupi chenye maua mekundu, kizuri hata cha kuchuma. Wakulima wa pale hawakukijua. Aliyekitambua ni mwanafunzi kutoka India, aliyekuwa amekiona kwao. Kilikuwa striga. Tanzania tunakiita kiduha, Wajaluo wa kando ya Ziwa Victoria wanakiita kayongo, na wapo wanaosema gugu chawi, kwa kuwa hufanya uovu wake chini ya ardhi. Siku linapochomoza juu ya udongo, madhara makubwa yameshafanyika.

Kwa Afrika halikuwa jambo jipya. Vizazi kwa vizazi wakulima wa mtama, uwele na mahindi wamehama mashamba kwa sababu ya gugu hili, au wamebaki nalo wakivuna kidogo. Marekani ilipolipata haikungoja. Mashamba yaliwekwa karantini, mitambo ikakatazwa kutoka bila kusafishwa, maofisa wakakagua shamba moja baada ya jingine. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Wizara ya Kilimo wakaanza kuingiza gesi ya ethilini ardhini, ile ile inayoivisha ndizi, ili mbegu za kiduha ziote mahali pasipo na zao la kunyonya na zife zenyewe. Zaidi ya ekari 400,000 zilikuwa zimeshambuliwa. Leo zimebaki chache sana. Kazi hiyo ilichukua miongo kadhaa na kugharimu zaidi ya dola milioni 250. Nani angeweza kuilipa Singida, Kassala au Siaya? Swali hili linarudi kila mara mtu anaposema dawa ya kiduha imepatikana.

Ugumu uko kwenye mbegu. Kiduha kimoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, ndogo kiasi cha kupeperushwa na upepo, na zinaweza kulala udongoni zaidi ya miaka kumi. Haziamki kwa mvua peke yake. Zinangoja kemikali inayotolewa na mizizi ya mmea ulio karibu, kwa sababu mbegu ndogo kiasi hicho ina akiba ya siku chache tu, na ikiota mahali pasipo na mwenyeji imekwisha. Ikiipata dalili hiyo, huota, hujishika kwenye mzizi, huingiza kijimirija na kuanza kunyonya maji na chakula.

Mwaka 1966 wanakemia wa Marekani walifanikiwa kutenga mojawapo ya kemikali hizo, wakaiita strigoli. Waliipata kwenye mizizi ya pamba, zao ambalo striga hata hailishambulii. Jamaa zake zilizofuata ziliitwa kwa jumla strigolaktoni. Lakini kwa karibu miaka 40 jambo moja lilibaki bila jibu: kwa nini mmea utengeneze kitu kinachomwita adui yake? Jibu lilitoka Japani mwaka 2005. Kohki Akiyama na wenzake walionyesha kwamba strigolaktoni ndizo zinazoamsha kuvu wema wa ardhini, wale wanaojiunga na mizizi na kuuletea mmea fosforasi na maji kwa kulipwa sukari. Mmea ulikuwa unamwita rafiki, na kiduha kikajifunza kusikiliza. Miaka mitatu baadaye ikathibitika kuwa kemikali hizo hizo ni homoni inayoamua mmea utoe matawi mangapi. Kazi tatu, kemikali za ukoo mmoja. Msomaji aliweke hilo kichwani, maana mkasi utakapofika ndipo utakapokata.

Turudi kwenye mtama wenyewe. Mashariki ya Sudan, karibu na Kassala, wanaakiolojia walichimba vigae vya vyungu ambavyo udongo wake ulichanganywa na makapi kabla ya kuchomwa. Makapi yaliungua, alama zake zikabaki. Mwaka 2017 Frank Winchell, Dorian Fuller na wenzao walieleza kwamba alama hizo ni za mtama uliokwisha kuanza kubadilishwa na mikono ya watu zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Ni ushahidi wa kale kuliko wote tulio nao wa mtama wa kulimwa. Kwa maneno mengine, ukanda ule ule ambao kiduha kinausumbua ndiko zao lilikozaliwa, na zao na gugu vimeishi jirani muda mrefu mno.

Huko huko Sudan, mwaka 1979, alifika kijana Mwethiopia aitwaye Gebisa Ejeta. Alizaliwa Wollonkomi, kijiji cha Ethiopia ya kati, na alipokuwa mtoto alitembea kilomita 20 kwenda shule, akikaa huko wiki nzima na kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Alisomea uzalishaji wa mbegu katika Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana, Marekani, kisha akaenda Sudan kufanya kazi na taasisi ya utafiti ya ICRISAT. Mwaka 1983 ilitolewa Hageen Dura-1, mtama chotara aliouzalisha yeye, uliostahimili ukame na kuzaa kupita mbegu za asili. Wengi wangetulia hapo. Ejeta aliona kwamba chotara ule ukipandwa kwenye shamba la kiduha hauna msaada, akarudi Purdue kulishughulikia gugu.

Mwenzake alikuwa mwanakemia Larry Butler. Njia waliyobuni ilikuwa rahisi kiasi cha kumfanya mtu ajiulize kwa nini haikufikiriwa mapema. Katika kisahani cha maabara chenye ute wa agari walitawanya mbegu za kiduha, kisha wakaweka mbegu moja ya mtama. Mzizi wa mtama ulipokua, walipima kwa rula kiduha kilichoota mbali zaidi na mzizi. Mtama unaotoa dalili kali uliamsha kiduha cha mbali. Mtama mnyamavu haukuamsha kitu, au uliamsha kile kilichougusa. Miongoni mwa mitama minyamavu ulikuwepo mmoja wa Kiafrika wenye jina la kimaabara, SRN39. Kwa kuuzalisha na mitama mingine walipata mbegu zilizopelekwa nchi kadhaa za Afrika. Tanzania ilizisajili mbili mwaka 2002 kwa majina ya Hakika na Wahi. Mwaka 2009 Ejeta alipewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Hakuna jeni lililokatwa katika kazi hiyo yote, wala hakuna aliyejua jeni lenyewe ni lipi. Lilijulikana mwaka 2017, pale kundi la Ejeta lilipolitaja: LGS1. Katika mtama wa kawaida jeni hilo lipo na mizizi hutoa zaidi strigolaktoni iitwayo deoksistrigoli, inayoiamsha mbegu ya kiduha kwa nguvu. Katika SRN39 kipande hicho cha vinasaba hakipo, na mizizi hutoa zaidi orobankoli, ambayo kiduha huiitikia kwa shida. Mtama mnyamavu, kumbe, haukuwa mnyamavu. Ulikuwa unaongea kwa lafudhi nyingine.

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2020 ulilitafuta pengo hilo katika mitama ya asili ya bara zima. Lilikuwepo, si kwa wingi, na lilielekea kuwa kwenye maeneo yanayosumbuliwa sana na kiduha. Bila mtu kujua neno jeni, wakulima walikuwa wamechagua kwa karne nyingi masuke yaliyosimama baada ya mengine kulala, na kwa kufanya hivyo wakahifadhi kasoro yenye faida. Utafiti huo huo uligusia pia gharama: mimea isiyo na LGS1 ilionyesha dalili za kupungukiwa kidogo katika kazi ya majani ya kutengeneza chakula. Labda ndiyo sababu pengo hilo halikuenea kila mahali. Pasipo kiduha, huenda lilikuwa hasara. Babu zetu walijua shamba gani lipewe mbegu gani, na ujuzi huo haukuandikwa popote isipokuwa ndani ya mbegu.

Sasa mkasi. Mwaka 2012 Jennifer Doudna wa Berkeley na Emmanuelle Charpentier, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi Sweden, walionyesha kwamba silaha ambayo bakteria huitumia kukata virusi, CRISPR, inaweza kuelekezwa ikate kipande chochote cha DNA kinachotakiwa. Mwaka uliofuata maabara kadhaa ziliujaribu mkasi huo kwenye mimea, na moja, ya Nebraska, iliujaribu kwenye mpunga, tumbaku na mtama. Mwaka 2020 akina mama hao wawili walipewa Nobel ya kemia. Tofauti na mbegu za GMO za miaka ya 1990, ambazo zilipachikwa jeni kutoka kiumbe kingine, hapa mmea unaweza kukatwa jeni lake mwenyewe bila kubakiziwa kitu cha kigeni. Mkasi wenyewe kwa kawaida huingizwa kama jeni la muda. Mmea ukishakatwa, huzalishwa tena, kisha huchaguliwa watoto wasiourithi mkasi.

Katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi, Steven Runo alikuwa ameitumia miaka mingi ya utafiti wake kwa kiduha. Alitambua kwamba kile ambacho asili ilifanya kwa SRN39 kingeweza kufanywa kwa mtama wowote unaopendwa na wakulima bila kuusumbua kwa miaka ya kuchanganya na mtama mgeni. Ukatwe LGS1, mengine yabaki yalivyo. Mradi ulioundwa kwa ajili hiyo uliunganisha chuo chake na Chuo Kikuu cha Addis Ababa, kwa fedha za USAID, shirika la misaada la Marekani. Nakubali kwamba wazo hili lina uzuri wake. Ni Mwafrika, katika maabara ya Kiafrika, akishughulikia adha ya Waafrika kwa kuiga kilichokwisha kufanywa na mbegu za Waafrika. Wanaoyaweka haya yote kapu moja na mahindi ya kampuni kubwa hawatendi haki.

Lakini sheria ilikuwa na historia yake. Kenya ilipitisha Sheria ya Usalama wa Viumbe mwaka 2009. Novemba 2012 baraza la mawaziri likapiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO, wiki chache baada ya Mfaransa Gilles-Éric Séralini kuchapisha picha za panya wenye uvimbe mkubwa waliolishwa mahindi ya aina hiyo. Mwaka uliofuata jarida lililochapisha utafiti ule liliuondoa. Marufuku ikabaki miaka kumi. Tanzania nayo iliruhusu jaribio la mahindi ya kustahimili ukame huko Makutupora, Dodoma, likapandwa mwaka 2016. Mwaka 2018 serikali ikaagiza majaribio ya GMO yasimamishwe na mabaki yateketezwe, na mwaka 2021 Waziri wa Kilimo, Adolf Mkenda, akaufunga mlango kabisa. Oktoba 2022 Rais William Ruto na mawaziri wake waliifuta marufuku ya Kenya katikati ya ukame mkali. Kesi zikafunguliwa, zikatupwa, zikakatiwa rufaa. Machi 2025 Mahakama ya Rufani ilisimamisha tena utekelezaji wakati ikisikiliza.

Kelele hizo zote zilihusu GMO. Pembeni, mwaka 2022, Kenya ilitoa mwongozo tofauti kwa mazao yaliyohaririwa jeni. Ikiwa ndani ya mmea hamna DNA ya kigeni, na badiliko ni kama lile linaloweza kutokea kwa asili au kwa uzalishaji wa kawaida, mmea haumo katika sheria ya GMO. Unapita njia ya mbegu za kawaida. Ulaya ilikuwa imechukua upande wa pili: tarehe 25 Julai 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mazao yaliyohaririwa ni GMO na yabanwe kwa sheria ile ile. Kwa hukumu ile, mwanasheria wa Ulaya anauliza mmea ulitengenezwaje. Mwenzake wa Nairobi anauliza mna nini ndani yake. Mimi naona maswali yote mawili yanamwacha nje mtu atakayeupanda na shamba utakaposimama.

Tuanze na shamba. Kenya, Tanzania, Sudan na Ethiopia zina mtama pori: unaota kando ya barabara, kwenye mitaro, na ndani ya mashamba yenyewe ukijifanya zao hadi utoe suke. Huo na mtama wa kulimwa huzaliana, upepo ukisaidia, na watafiti waliopima vinasaba vya mtama pori wa Kenya wamekuta damu ya zao ndani yake. Afrika Kusini iliwahi kulikabili hili uso kwa uso. Mwaka 2006 baraza lake la GMO lilikataa ombi la kufanyia utafiti, hata ndani ya nyumba ya kioo, mtama uliopachikwa jeni za kuongeza virutubisho, kwa hofu ya mtama pori wa bara hili. Ruhusa ilikuja baadaye kwa masharti makali. Kwa mtama uliokatwa LGS1 hofu si ile ile, kwa sababu pengo hilo limo tayari katika mitama ya asili. Tofauti iko kwenye wingi. Kilichokuwa nadra, kikikaa mahali kilipohitajika, sasa kingeweza kupandwa maelfu ya ekari kwa msimu mmoja, na chavua yake ikaingia mahali ambapo hakikuwa na kazi.

Na mtama pori si takataka. Runo mwenyewe na wenzake waliripoti mwaka 2017 kwamba baadhi ya mitama pori inakizuia kiduha kwa njia nyingine kabisa, mizizi yake ikikataa kupenywa. Ikiwa siku moja kiduha kitajifunza lafudhi ya orobankoli, msaada utatafutwa huko. Kitajifunza? Kiduha cha Ziwa Victoria, Striga hermonthica, huzaliana kwa kuchanganyika mmea na mmea, kwa hiyo kila shamba lina mbegu za tabia nyingi. Ukiwanyima chakula wengi wao, wachache wanaoweza kuisikia dalili dhaifu ndio watakaozaa. Kukata jeni moja katika kila mtama ni kumpa adui mtihani wa swali moja.

Kuhusu kuvu wema, orobankoli nayo huwaita, hivyo mtama wa aina hii hauwi yatima. Kiasi wanachoitika, katika udongo uliochoka na usiotiwa mbolea, ndicho kinachotakiwa kupimwa, tena kwenye udongo wa wakulima. Hapa mwongozo wa kuuliza mna nini ndani unapwaya. Mmea unaweza kuwa hauna hata chembe ya ugeni, na bado ukawa na tabia mpya ardhini.

Ipo pia njia isiyohitaji mkasi, na inashangaza jinsi inavyotajwa mara chache katika mijadala hii. Huko Mbita, kando ya ziwa, Zeyaur Khan wa taasisi ya ICIPE aliendeleza tangu miaka ya 1990 kilimo cha sukuma-vuta: desmodi ikipandwa kati ya mistari ya mahindi au mtama, na majani ya nepia pembezoni. Ilibuniwa kwa ajili ya viwavi wa bua. Ikaonekana kwamba kiduha nacho kinatoweka, kwa sababu mizizi ya desmodi hukiamsha na kisha kukizuia kujishika. Udongo hupata rutuba, ng'ombe hupata malisho. Ubaya wake ni jasho: mbegu ya desmodi inatafutwa kwa taabu, na palizi ya msimu wa kwanza ni nzito. Mtama wenye kinga ndani ya mbegu yake haudai hayo, na mama anayelima peke yake na watoto atauchagua. Simlaumu. Ejeta mwenyewe hakuigawa mbegu yake peke yake. Huko Ethiopia iliambatanishwa na mbolea na matuta ya kukinga maji, kwa sababu alijua kinga moja haitoshi.

Limebaki la umiliki, na ndilo linalonikosesha raha kuliko kuvu na chavua. Mkasi una wenyewe. Oktoba 2017 kampuni ya DuPont Pioneer na Taasisi ya Broad ya Massachusetts ziliunganisha hataza zao za CRISPR ili anayetaka kuitumia katika kilimo apate leseni mahali pamoja. Watafiti wa vyuo hawalipi. Anayeuza ndiye anayejadiliana. Pengo la LGS1 lilihifadhiwa na wakulima bila hataza, likaondoka Afrika ndani ya mbegu, likapewa jina Indiana, na sasa linarudi kama maarifa ya mtu. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 iliandikwa ili waliotunza mbegu wagawiwe faida. Lakini anayehariri jeni hahitaji tena mbegu ya Msudani. Anahitaji mfuatano wa herufi zake kwenye kompyuta, na juu ya herufi hizo mataifa yangali yanavutana. Fedha nazo zina wenyewe: mwaka 2025 USAID ilivunjwa kwa uamuzi wa Washington, bila Nairobi wala Addis Ababa kuulizwa.

Tena kuna mlaji na mkulima wasioambiwa. Kama mtama uliohaririwa unahesabiwa kuwa mbegu ya kawaida, hakuna sheria ya lebo inayoufuata, na kwa kuutazama tu hakuna atakayeutofautisha na mtama mwingine. Mkulima wa Sirari anayepokea debe la mbegu kutoka kwa shemeji yake wa upande wa Kenya ataupanda Tanzania, nchi iliyoufunga mlango, na hakuna ofisa wa mpakani atakayejua. Sioni kosa la shemeji hapo. Hivyo ndivyo mtama ulivyotembea tangu Kassala.

Na kwa muda mrefu kutembea huko kulikuwa jinai. Marekebisho ya mwaka 2012 ya Sheria ya Mbegu ya Kenya yalimtishia mkulima anayeuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kwa kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja. Kundi la wakulima wadogo lilikwenda mahakamani mwaka 2022. Novemba 2025 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka katiba. Hukumu ile ilizungumzia mbegu za kienyeji. Mtama uliohaririwa utakapofika madukani, wenye leseni watataka kuutenga na uhuru huo, na wakulima watataka kuugawana walivyogawana mingine yote.